Nani Atakaa Mbele ya Mtumbwi

FUNDI: Haloo? Nani huyo? Hii namba siijui.

KARANI: Mimi, shemeji yako. Simu ni ya jirani.

FUNDI: Ahaa, bwana karani. Dada yangu hajambo?

KARANI: Hajambo. Sikia, tunataka kushuka ule mto wa milimani. Siku sita, kwa mtumbwi. Wewe umeshaushuka mara mbili, nikasema—

FUNDI: Wewe? Unayepanda lifti kwenda ghorofa ya kwanza?

KARANI: Nimefanya mazoezi.

FUNDI: Wapi?

KARANI: Bwawani. Pale hotelini.

FUNDI: Bwawa lina mawe hilo? Au lina mhudumu wa taulo?

KARANI: Cheka tu. Nina makafi mawili, helmeti, na ramani.

FUNDI: Ramani haikuambii maji yamekasirika wapi. Siku ya tatu, ukishapita daraja la kamba, unafanya nini?

KARANI: Tunaendelea—

FUNDI: Mnaendelea ahera. Pale mnatoka majini, mnabeba mtumbwi nusu siku. Mbele kuna poromoko, urefu wake ghorofa tatu. Na simu haishiki.

KARANI: (mkwaruzo) Nusu siku? Lakini yeye hawezi kubeba—

FUNDI: Yeye nani?

KARANI: Mtandao unakata.

FUNDI: Haukati. Nani anakaa mbele ya mtumbwi?

KARANI: Dada yako. Ametaka mwenyewe, shemeji. Tangu atoke hospitali hana wazo jingine. Daktari naye anasema... akitaka kitu, tusimnyime.

FUNDI: Tangu lini?

KARANI: Mwezi wa pili huu. Hakutaka ujue. Alisema utamlaza kitandani na kumpikia uji.

FUNDI: Na wewe, mwanamume mzima, ukaona umpeleke kule kwa ujuzi wa bwawani.

KARANI: Ningefanyaje? Nimwambie siwezi?

FUNDI: Hayo makafi rudisha dukani. Nina mtumbwi hapa karakana, naanza kuuziba leo. Yeye mbele. Mimi nyuma.

KARANI: Na mimi?

FUNDI: Katikati, na masufuria. Usiguse kitu.

KARANI: Ahsante, sheme—

FUNDI: Ahsante ya nini, sikufanyii wewe. Mwambie maji bado mengi. Tungoje wiki tatu, yapungue.

KARANI: Wiki tatu...

FUNDI: Anazo?

KARANI: Shemeji, salio la watu linaisha, nita—

FUNDI: Wiki tatu anazo? Haloo? Haloo?