Muti Huo Si wa Sanduku Langu

Ingieni wote, batoto bangu, mukae chini, na mulango muuache wazi, kwa sababu Maman yenu anasema chumba kinanuka dawa, na mimi nataka kusikia upepo wa kilima chetu hiki cha Nzahaha. Adrien, muzaliwa wangu wa kwanza, kaa hapa miguuni. Donatien, weka hiyo telefone mufukoni, mashine za muchele za Bugarama hazitasimama kwa sababu haukujibu. Na wewe Clarisse, binti yangu, leo hauendi jikoni, ukae karibu na kichwa changu, maana sauti imebaki kidogo na maneno ni mengi. Munganga alisema nipumuzike. Nitapumuzika sana, tena si siku za mbali, kwa hiyo sasa muniache niseme.

Leo asubuhi nilisikia shoka. Munafikiri muzee akifunga macho, masikio nayo yamelala? Nimechonga ngoma tangu nikiwa kijana kule Bukavu, ninajua shoka likipiga grevilea, ninajua likipiga avoka, na pigo la kwanza tu nilijua ni ule umuvugangoma wangu nyuma ya nyumba, ule muti wa kuchonga ngoma. Nikajaribu kusimama, miguu ikakataa. Nikamuita Maman Emerance, akaja mbio akifikiri roho inatoka, nikamwambia roho iko bado, lakini batoto bako banaua muti wangu.

Na jana muliniletea Mudathiru, seremala wa Kamembe, mukasema amekuja kunisalimia tu, kumbe nimelala na jicho moja wazi ninamuona ananipima kwa kamba kutoka kichwani mpaka vidole vya miguu. Mudathiru ni rafiki yangu, yeye Muislamu na mimi Mukristo tumekula sahani moja miaka mingi, lakini hajawahi kunisalimia kwa kamba. Nilitaka kucheka, nikajizuia, nikaogopa atanitangulia kufa kwa kushtuka.

Ninajua mulichofikiria. Mulisema Papa ni fundi wa ngoma, haifai alale katika mbao za sokoni kama muntu yeyote, tumutengenezee sanduku la muti wake mwenyewe, bantu ba paruasi bashangae kanisani. Hayo ni mapendo, nimeyaona, na yamenifurahisha mpaka nikatoa machozi. Sigombezi mapendo yenu, ninagombeza shoka.

Sikilizeni. Muti ule niliupanda tuliporudi kutoka Congo, wakati majirani bote banatafuta mabati na mimi ninatafuta muche, na Maman yenu akaniuliza kama sisi na batoto tutalala chini ya majani yake mawili. Tulinyeshewa, ni kweli, na yeye hajasahau, muangalieni anavyocheka. Ngoma zangu zote nilizichonga katika miti ya bazee bengine, bale balipanda bila kujua jina langu, na huu wangu nikauacha, kila mwaka ninapita, ninaugonga kwa kidole, ninasikiliza, unaniambia bado. Ngoma inaanza mbele sana ya shoka, inaanza na mvua na udongo na muntu anayejua kungoja bila kununa. Bantu banasifu mikono yangu, na mimi ninapenda sifa, siwezi kusema uongo kitandani, lakini kilima hiki kilifanya kazi kubwa kuliko mimi. Ndiyo maana sikutupa hata kitu chake kimoja. Gogo likibaki, linakuwa kinu au kiti, kipande kidogo kinakuwa mwiko, na vumbi na vibanzi vinapika maharagwe. Donatien, wewe ulikulia maharagwe yaliyopikwa na ngoma, labda kelele zako zilitoka pale.

Sasa muniambie, nani alisimamisha shoka? Si mimi. Maman yenu amenieleza yote. Clarisse aliacha sufuria kwenye moto, akaenda kusimama, mugongo wake kwenye muti, akasema, "Kaka Adrien, muti uko na maua, nyuki ziko kazini, muti wa maua Papa hajawahi kuukata." Na wewe Adrien ukamujibu, "Toka hapo, dada, mambo ya ngoma si ya banamuke." Yeye hakutoka. Akaugonga kwa kidole, akaweka sikio, akasema, "Ndani bado kuna maji. Ukichongwa sasa utapasuka tu, hata kabla ngozi haijakauka juu yake."

Nilipoambiwa hayo nilifunga macho nikamushukuru Mungu, Emerance akafikiri tena roho inatoka. Ni furaha, batoto bangu, furaha tupu. Munajua desturi yetu, mwanamuke hagusi ngoma, hata ikiwa katikati ya njia anaizunguka, na Clarisse amezizunguka ngoma zangu tangu alipojua kutembea. Lakini miaka yote hiyo alikuwa akipita nyuma ya atelie yangu, pale ninapochonga, na kidumu cha maji, na masikio yake yalikuwa yanaingia ndani. Ninyi babili niliwakalisha mbele yangu, nikawapa tezo mikononi, mukapiga miayo. Sina kinyongo, kila muntu na kazi yake. Lakini yule anayesikia muti ni huyu.

Basi munisikilize, na majirani bakiuliza museme Ndagijimana alisema hivi akili ikiwa nzima. Nyumba ni ya Maman yenu, hata kijiko kisitoke humo yeye akiwa hai. Shamba la kahawa na migomba mugawane Adrien na Donatien, mupaka ni mufereji wa maji, na mugawane muchana, mukiwa mumeshiba. Mbuzi ni za Donatien. Kuhusu jirani yetu Bahizire, ambaye mbuzi zake zilikula miche yangu mpaka tukawa tunasalimiana kwa kukohoa tu, Adrien uende kwake, umwambie nimemusamehe, kisha umwambie afunge mbuzi zake. Usianze na mbuzi.

Niko na deni moja, la kazi. Paruasi ya Cyangugu niliiahidi ngoma, gogo liko tayari, ngozi iko kivulini, musiipeleke juani. Clarisse ndiye ataivalisha ngoma hiyo ngozi yake. Ninyi bakaka mutashika kamba, na mutavuta pale atakaposema vuteni. Bantu batasema, muache baseme, siku ngoma ikilia batakuja kucheza pamoja na bengine.

Tezo, patasi na atelie ni vya Clarisse. Muti ni wa Clarisse. Adrien, usiinamishe kichwa, wewe unapewa kuulinda, na lile jeraha mulilolifungua mulipake udongo na mavi ya ng'ombe leo, jua lisiingie humo. Hautakatwa mpaka yeye augonge na aseme ndiyo, na kama atazeeka bado unasema hapana, atamuonyesha mutoto wake namna ya kuuliza. Na mupande mingine. Pandeni sasa, kabla ya kuhitaji, musikiache kilima hiki kipara kama kichwa changu.

Nipe maji, binti yangu. Kidogo tu. Basi.

Sanduku... Mudathiru achukue mbao za grevilea, ziko nyuma ya banda la mbuzi. Nani anasema ni fupi? Alipima vizuri, mimi ni murefu. Zikiwa fupi munikunje magoti, maisha yangu yote nimefanya kazi nimekunja magoti, sitaumia.

Emerance, usilie sasa, ulikuwa unacheka vizuri.

Nimechoka, batoto bangu. Mungu asiwanyime mvua... wala kazi ya mikono... wala muntu wa kucheka naye jioni. Karibieni, nipeni mikono niibariki. Hapana, Adrien, ngoja kidogo. Ninajua wewe ni wa kwanza. Leo ninaanza na wa Clarisse.