Mstari wa Sentimita Nane kwa Mbili

Jina la cheti la marehemu limechapwa kwenye jalada la ratiba hii, kwa herufi kubwa na heshima zote. Humu ndani ataitwa Mstari, kwa kuwa ndilo jina aliloliitikia kwa miaka ishirini na sita, hata alipoitwa na daktari.

Mstari alizaliwa tarehe 17 Juni 1966, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la maji, mtaa wa nyuma ya kiwanda. Baba yake alikuwa fundi bomba na mama yake mpishi wa shule. Mama alizoea kusimulia kwamba mtoto huyu alitoka amekunja ngumi zote mbili, mkunga akasema, "Mama, hapa umejizalia wakili." Wakili hakuwa, maana ada haikufika huko. Kazi ya uwakili, hata hivyo, aliifanya maisha yake yote bila joho.

Alianza darasa la kwanza Januari 1973 na kuacha shule kidato cha pili, mwaka 1981, baba alipoanguka ngazini na kuvunjika nyonga. Shuleni ndiko alikojifunza mpira wa wavu. Katika mchezo huo, anayeruhusiwa kuzungumza na mwamuzi ni nahodha peke yake, naye hutambulika kwa mstari chini ya namba ya kifuani. Shule haikuwa na mistari, kwa hiyo mwalimu wa michezo alimchora wake kwa chaki. Kufikia seti ya pili jasho lilikuwa limeshaufuta. Alipokwenda kulalamikia mpira uliotoka nje, mwamuzi alimtazama kifuani akamwambia, "Binti, rudi nafasi yako. Sioni nahodha hapa."

Alirudi nyumbani, akakata utepe wa aproni ya mama yake, akaushonea kwenye jezi. Alichapwa kwa ajili ya aproni. Mstari haukutoka.

Tarehe 2 Machi 1987 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, cherehani namba kumi na nne, upande wa kola. Kiwanda kilikuwa na klabu, na klabu ilikuwa na timu ya wanawake. Mwaka 1996 wachezaji kumi na wawili walimchagua nahodha kwa vifungo ndani ya kopo: cheupe ni ndiyo, cheusi ni hapana. Vilitoka vyeupe kumi na kimoja. Kile cheusi alikiri ni chake. "Mtu hajipigii debe," alisema, "hata kama gari ni lake."

Sasa tufike kwenye jambo ambalo familia imeombwa isilifikie.

Oktoba 1998, kwenye nusu fainali, mchezaji anayewapandishia wenzake mpira alivimba kifundo cha mguu kama papai. Mwenyekiti wa klabu, ambaye pia alikuwa msimamizi wa karakana, aliamuru afungwe kitambaa aendelee. Mstari akasema, "Huyu hachezi." Hakucheza, na timu ilishinda bila yeye, jambo lililomuudhi mwenyekiti kuliko kushindwa.

Ijumaa tarehe 23, siku moja kabla ya fainali, alimjia pale pale kwenye cherehani.

"Huo mstari umekupanda kichwani. Jezi zote unazishona wewe, sivyo? Basi hakikisha kesho mpwa wangu ana mstari."

"Mpwa wako awe na mstari?"

"Awe na mstari."

"Sawa, mzee."

Mpwa mwenyewe, binti wa upande wa mifuko, alimfuata chooni. "Dada, mimi sitaki. Mwamuzi hata kumtazama usoni naogopa! Mjomba hakuniuliza."

"Tulia, mwanangu. Mjomba wako ameagiza uwe na mstari, nawe utakuwa nao. Hakusema wengine wasiwe nao."

Saa ya chakula hakula. Alikata vipande kumi na kimoja vya utepe mweupe, sentimita nane kwa mbili kila kimoja, akavishona kwenye jezi kumi na moja. Cha kumi na mbili kilikuwa kwake tayari.

Jumamosi timu ilipojipanga ili sare zikaguliwe, mwamuzi, kijana mwembamba mwenye filimbi ya chuma, alipita mbele yao mara moja, akarudi, akapita tena.

"Dada zangu, nahodha ni nani?"

"Sote," wakajibu.

"Kanuni inamtambua mmoja."

Mwenyekiti akainuka kwenye benchi. "Mwamuzi, nahodha ni huyo mpwa wangu!"

"Mzee, mimi nasoma kifua, sisomi mdomo," mwamuzi akamjibu. "Dada zangu, mna dakika kumi. Fumueni kumi na moja."

Wembe ulikuwa mmoja, wa mwamuzi. Wa kwanza kuuchukua alikuwa mpwa. Alifumua wa kwake mbele ya mjomba wake, mshono kwa mshono, akampa aliyefuata. Ulipita mikono kumi na mmoja. Mstari alisimama na jezi yake namba saba, mikono nyuma. Wembe ulipomfikia, aliufunga kwenye karatasi akamrudishia mwamuzi.

Walishindwa fainali, seti tatu kwa mbili. Asitokee mtu hapa makaburini akasema walishinda. Marehemu hakupenda sifa za mkopo. Lakini karatasi ya matokeo ilitiwa saini, kabla na baada ya mchezo, na nahodha namba saba.

Jumatatu alikuta cherehani namba kumi na nne ina mtu mwingine. Alichukua mkasi wake, maana ulikuwa wake, akatoka kwa mlango wa mbele. Wiki ya tatu alikuwa na duka la mlango mmoja kati ya kinyozi na fundi baiskeli. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mbele. Mstari alimtazama yeye na madirisha yake. "Mzee, una madirisha tisa na hakuna hata pazia moja. Jirani zako wote wanajua unalala na soksi." Waliafikiana kwa mapazia.

Humo ndani alishonea timu za kila namna, na mteja aliyetaka alama ya unahodha alipewa kwanza somo. Mpira wa miguu, kitambaa mkononi. Mpira wa magongo vilevile. Mpira wa pete, zile herufi za kifuani zinasema mtu anasimama wapi uwanjani, wala hazisemi nani mkubwa. Mpira wa kikapu, jezi haina alama, nahodha yuko kwenye karatasi. Raga hakuna kitu: "Huko nahodha ni yule ambaye bado ana sauti." Hoki ya barafu, herufi kifuani upande wa kushoto, picha yake aliibandika ukutani, ingawa barafu pekee aliyowahi kuiona ilikuwa ya kwenye friji. Nahodha mmoja wa mpira wa miguu, ambaye kitambaa kilimteleza hadi kiwikoni kila akikimbia, aliambiwa, "Baba, huo si mkono, ni mwiko," akatiliwa kifungo na kitanzi begani bure.

Siku moja mfadhili wa timu alimleta mwanawe apimwe kitambaa cha unahodha. Mstari alimpima, kisha akamuuliza, "Wenzako walikuchagua lini?" Kijana akamtazama baba yake. "Haya," Mstari akamwambia baba, "kitambaa nakuuzia. Unahodha sina dukani."

Tarehe 8 Aprili 2000 alifunga ndoa na yule mwamuzi. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akileta dukani mfuko wa filimbi ulioraruka, na ulikuwa unararuka pale pale kila mara, jambo ambalo fundi yeyote angelishuku. Hatimaye alisimama mlangoni akasema, "Nahodha, naomba ruhusa ya kuzungumza." Akamjibu, "Fupisha." Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 2001 na mvulana mwaka 2004.

Klabu ina ubao wa manahodha ukutani. Mbele ya mwaka 1998 pana kistari kifupi cha rangi na hakuna jina. Kila Januari, tangu 1999 hadi mwaka huu, marehemu aliandika barua moja ya kuomba ubao usahihishwe. Barua ni ishirini na saba. Alijibiwa mbili, na zote zilisema suala lake linashughulikiwa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Wodini, wagonjwa wa vitanda vinane walimfanya msemaji wao kwa manesi, na vyandarua vilivyotoboka vikabadilishwa. Nesi alipomfunga plasta mkononi alitania, "Sasa wewe ni nahodha kweli." Akamjibu, "Hapo umenifanya wa mpira wa miguu, mama. Mimi ni wa kifuani." Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Mumewe alikuwa amemshika mkono.

Jumatano wajumbe watatu wa klabu walifika nyumbani na pole, na familia iliipokea. Wakatoa pia basi, viti na turubai, kwa ombi dogo: katika wasifu marehemu aitwe "mchezaji mwandamizi," ili kumbukumbu zisigongane na ubao. Dada yake, mwuza vitambaa, ndiye aliyewajibu.

"Turubai lenu linafunika watu wangapi?"

"Mia mbili, dada."

"Basi ni dogo. Haliwezi kulifunika jambo hili."

Ndiyo maana leo mmekaa juani, na familia inawaomba radhi kwa jua tu.

Mwamuzi aliitunza nakala ya kaboni ya karatasi ya matokeo ya tarehe 24 Oktoba 1998. Imechapwa ukurasa wa mwisho wa ratiba hii. Namba saba imezungushiwa duara, duara la nahodha, na saini ni zake zote mbili. Kila mmoja atoke na nakala yake, na wajumbe wa klabu wapewe mbili.

Ameacha mume, watoto wawili, kaka wawili, dada mmoja, na wanafunzi sita wa ushonaji ambao kesho kutwa watafungua duka saa mbili kama kawaida. Ameacha pia wachezaji wenzake kumi na mmoja. Tisa wako hapa, na mpwa wa mwenyekiti amekaa mbele. Vile vipande vya utepe walivyofumua hawakuvitupa, na leo kila mmoja amekuja ameshona chake kifuani. Mistari tisa, na wa kumi uko ndani ya jeneza, kwenye jezi namba saba. Kanuni inamtambua mmoja, lakini mwamuzi ameulizwa asubuhi, naye amejibu kwamba leo hakagui.

Nahodha, pumzika kwa amani. Huu haufumuliwi.