Huru, Si Bure: Maisha ya Mama Pacha na Mkalimani Wake

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu, haya ndiyo maisha ya Mama Pacha, na familia imeagiza yasomwe bila kulainishwa.

Mama Pacha alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kusaga, mtoto wa tatu wa fundi redio na mshona nguo, na tangu utotoni lilimkera jambo moja, kuona spea ya redio hii ikikataa kuingia kwenye redio ile, akimuuliza baba kwa nini isitengenezwe moja ikatosha zote, naye baba akimjibu, mwanangu, hiyo wameachiwa wasio na kazi.

Alisoma shule ya msingi jirani na reli kuanzia 1986 hadi 1992, akamaliza sekondari ya wasichana 1996, na mwaka 2001 akapata stashahada ya kompyuta katika chuo cha ufundi.

Januari 2003 aliajiriwa idara ya maji, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, kuandika programu ya wasoma mita, na kwa kuwa mashine zao zilikuwa za aina tatu zisizoelewana, aliandika kitu kilekile mara tatu mpaka akachoka, akaanza kutengeneza Mkalimani nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula, nayo ni maktaba ya programu, yaani vipande vilivyo tayari ambavyo mtengenezaji wa programu huvichukua, akaandika programu yake mara moja tu, ikafanya kazi kwenye simu na kompyuta za kila aina. Tarehe 2 Juni 2009 aliiweka mtandaoni, msimbo wote, yaani maandishi yanayoiendesha, ukiwa wazi, kila mtu ausome, aubadili, augawe.

Alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 2006 na fundi wa kuchomelea mageti, wakajaliwa pacha, wa kike na wa kiume, Oktoba 2010. Mumewe alizoea kumtania kwamba dunia nzima inakula kwake na hakuna anayeosha sahani, naye akimjibu, ni kazi huru, Baba Pacha, si ya bure. Lakini waliosikia huru wakaelewa bure, na kwao cha bure hakina mwenyewe, hakichoki, wala hakiumwi.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2021. Aliandika mtandaoni kwamba anaumwa, anaomba wa kumpokea mzigo, na majibu yakamiminika yakiwa na umbo moja, pole dada, ila toleo jipya lini, pole, ila wateja wetu wanalalamika, pole, ila hukupaswa kuanzisha usichokiweza. Hilo la mwisho lilitoka kwa kampuni ambayo programu zake zote zimesimama juu ya Mkalimani, na ambayo haikuwahi kurekebisha hata nukta. Alilisoma kitandani, wodi ya kusafisha figo, mkono mmoja kwenye mashine, kwa mkono wa pili akiwarekebishia tatizo lao.

Alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, asubuhi, mumewe akiwa pembeni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, majirani waliolea pacha kama watoto wao, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, na mtu mmoja wa mtandaoni ajiitaye Kobe, tusiyemjua sura, ambaye peke yake aliandika, pumzika dada, tatizo hili nalimaliza mimi, akalimaliza.

Jana, chini ya turubai hili, mjumbe wa kampuni ile alimshika mkono Baba Pacha akamwambia, pole sana shemeji, ila samahani, neno la siri la akaunti yake ya Mkalimani kamwachia nani. Shemeji yetu hakumjibu, ana adabu. Familia inajibu leo mbele ya wote: hamlipati. Msimbo hamkunyimwa, kila mstari uko wazi kama ulivyokuwa tangu siku ya kwanza, nakilini, jengeni wenyewe, mikono mnayo, na mlikuwa nayo alipokuwa akiwaita.

Mama Pacha, leo umepewa pole isiyo na ila. Pumzika kwa amani.