Habari Kabla ya Salamu

Hebu jiwekee picha hii mbele ya macho. Ni Masisi, mwaka 1954, asubuhi ya ukungu mzito. Kando ya barabara, penye kibanda cha Mama Béata, kuna benchi refu la mti, na juu yake tumekaa sisi wazoefu wa kahawa yake. Yuko Kanamugire, tuliyemwita Redio kwa kuwa hakuna jambo asilolijua. Yuko Sebarenzi mchunga ng'ombe, ambaye jina lake la benchini ni Pembe. Na yuko Honoré, mwalimu kijana, ana karatasi gotini na uso wa mtu aliyenyimwa usingizi.

Mmisionari mmoja, mama wa Kiingereza, alikuwa akitoa gazeti dogo la lugha yake kwa ajili ya vituo vya misheni, naye alimfundisha Honoré kuandika habari. Jana yake daraja la mto wetu lilikatika, na Honoré akaliandika. Habari ikipendeza, atapelekwa kujifunza kazi kwenye uchapaji wa gazeti. Lakini mama yule alikuwa ameirudisha asubuhi hiyo, na kamyo, lori la kubeba barua kwenda Goma, ilikuwa inapakiwa.

Honoré alidhani Kiingereza ndicho kilichomwangusha. Nyumbani alisema Kihunde, njiani Kiswahili, shuleni Kifaransa. Hiki cha nne alikibeba kama mtu abebaye mayai. Mmisionari alimwambia hapana, maneno yanaeleweka. Shida ni mahali alipoanzia.

Redio akamwomba atusomee kwa Kiswahili. Honoré alikuwa ameanza kwa kuwasalimu wasomaji. Kisha akaeleza kwamba ng'ombe wa Masisi ni wazima, maharage yameota vizuri, wazee hawajambo. Daraja lilikuja mstari wa mwisho, kwa upole.

Sote tuliona ameandika vema. Kwetu, mwenye habari mbaya hukaa kwanza, hupewa maziwa, huulizwa juu ya watoto na mifugo, naye hujibu kwamba yote ni mazuri, hata kama nyumba yake imeungua. Ndipo huisema.

— Sasa mama anataka daraja ikuje mbele ya salamu, — Honoré akasema. — Nitafanya vile namna gani? Iko kama kutupia muntu jiwe.

— Kwao iko baridi, — Redio akaeleza. — Muntu anasoma akitembea, juu akisimama ataganda. Njo maana wanakimbiza maneno.

— Apana, — akasema Pembe. — Ng'ombe za kwao haziko na majina. Sasa utaulizia nini?

Mama Béata, akimimina, alisema amesikia kwamba kule gazeti hufungiwa samaki, nalo hupasuliwa kuanzia chini.

— Ukiweka daraja chini, mwalimu, samaki njo itaisoma.

Redio hakukubali kupitwa. Alisema Mwingereza hupewa salamu zake zote siku ya ubatizo, za maisha mazima, basi ukimsalimu tena unamchosha. Hata Honoré alicheka. Kisha akatazama kamyo, akaacha kucheka.

Hapo mama mmoja, Nyiramahoro, akatokea ndani ya ukungu. Alitoka kijiji cha Kingi, kibuyu cha maziwa kichwani, akielekea mtoni. Hakuwa mtu wa benchi letu.

— Papa zangu, daraja iko muzima?

Sote tulijua jibu, na hakuna aliyeweza kulitoa. Pembe akamkaribisha akae. Redio akamuuliza ng'ombe wanaendeleaje. Naye, mwenye adabu kama sisi, akajibu kwamba ni wazima, akashukuru, akasema ana haraka, na miguu yake ikaanza kuteremka.

— Mama, simama, — Honoré akasema. — Daraja imekatika katikati, jana mangaribi. Mbao za huku zimebaki, utazikanyaga bila kuona. Pitia kule juu, kwenye mawe.

Nyiramahoro akasimama. Akatua kibuyu, akakaa kati yetu. Mama Béata akampa kahawa, naye akainywa yote.

— Asante, mutoto wangu. Asante sana. — Akapumua. — Haya, sasa tuamkiane. Batoto benu beko je?

Tukaamkiana polepole, na hakuna salamu iliyopungua. Honoré hakuwa nasi. Alikuwa ameinamia karatasi, akiandika kwa Kiingereza yale aliyomwambia Nyiramahoro, kwa mpangilio uleule: nini, wapi, lini, na njia ya kupita. Salamu aliziweka chini kabisa. Kisha akaikimbilia kamyo, nayo tayari ilikuwa inanguruma.

Alichukuliwa kwenye uchapaji. Na gazeti lilipotoka, tuliambiwa kwamba mmisionari hakuzifuta salamu zetu. Mpaka leo Honoré humshukuru mama huyo kwa somo, na Nyiramahoro kwa swali. Mimi nawashukuru wote watatu, maana nami nilikuwa mwalimu, niliwafundisha watoto kwa miaka mingi na jambo hilo sikuwa nimeliona.

Nawe unayejifunza kazi hii ya kuandika habari kwa lugha ambayo mama yako hakuwahi kukubembelezea, nakuomba ukumbuke moja tu: anayekusoma amesimama njiani, ana mzigo kichwani, na mto uko mbele yake.