Kimbunga Kisichoke Mapema

Mtabiri: Kituo cha hali ya hewa, habari za mchana. Nani mwenzangu?

Baba: Haloo? Haloo! Nitafutie yule mama wa vimbunga. Yule mwenye sauti kama amemeza filimbi.

Mtabiri: Baba?

Baba: Loo! Kumbe umepokea mwenyewe.

Mtabiri: Baba, shikamoo, uko wapi? Tangu saa sita nakupigia, simu imezimwa, nimepiga mpaka—

Baba: Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wajukuu hawajambo?

Mtabiri: Achana na wajukuu! Umesalimika?

Baba: Swali gani hilo? Kwani maiti wanapiga simu?

Mtabiri: (anavuta pua, mbali na simu)

Baba: Haloo? Umekatika?

Mtabiri: Sijakatika.

Baba: Unalia.

Mtabiri: Silii. Nina mafua.

Baba: Aa. Basi pole na mafua. Niko mzima, nina vidole vyangu vyote ishirini.

(Krrr-krrr-krrr.)

Mtabiri: Nini hicho kinachokwaruza?

Baba: Mtandao.

Mtabiri: Mtandao gani unasaga hivyo? Na mbona umepiga namba ya ofisi?

Baba: Yako siijui kichwani, imo ndani ya simu. Hii ya ofisi wanaitaja redioni kila siku ukimaliza kusoma. Nimeishika.

Mtabiri: Kumbe unanisikiliza kila siku?

Baba: Nasikiliza mvua.

Mtabiri: Haya. Na simu yako iko wapi?

Baba: Nyumbani, juu ya kabati. Inapumzika.

Mtabiri: Iko nyumbani... kwa hiyo wewe haupo nyumbani! Si asubuhi uliniapia? “Mimi Mzee Wembe, nimenyoa vichwa vya mtaa huu miaka thelathini na nane, siwezi kukimbizwa na upepo.” Maneno ya nani hayo?

Baba: Yangu.

Mtabiri: Sasa uko wapi?

Baba: Shuleni. Darasa la tatu B. Kwenye hilo kimbilio mnalolitangaza. Nimekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yanagusa kidevu.

Mtabiri: Afadhali! Ee, afadhali. Nani aliyekushawishi?

Baba: Wewe. Si ulisema kilomita mia mbili kwa saa?

Mtabiri: Ndiyo. Mia mbili.

Baba: Na sasa hivi?

Mtabiri: Sasa hivi... bado. Mia mbili na ushee.

Baba: (kwa mtu wa pembeni) Anasema mia mbili na ushee! (kwenye simu) Safi sana.

Mtabiri: Safi?

Baba: Hatari. Nimesema hatari. Mtandao huu!

Mtabiri: Unaongea na nani hapo?

Baba: Na darasa. Tuko hamsini na kitu humu ndani.

(Kicheko cha mwanamke, karibu sana na simu.)

Mtabiri: Na huyo anayecheka?

Baba: Mtandao.

Mtabiri: Baba, hebu ngoja. Nikikuambia ukweli, utaniahidi hutoki hapo?

Baba: Hata mnifunge kamba mnivute, sitoki.

Mtabiri: Haya. Si mia mbili. Hata asubuhi haikuwa mia mbili, ilikuwa mia na arobaini. Niliongeza kidogo ili uondoke.

Baba: Kidogo! Sitini nzima ndiyo kidogo?

Mtabiri: Ningekutajia mia na arobaini ungesema unangoja ifike mia na hamsini.

Baba: Hilo kweli. Sasa ngapi?

Mtabiri: Themanini na tano, na kinaendelea kushuka. Kimeacha maji ya moto kimeingia kwenye ya baridi, halafu upepo mkavu wa bara unakinyonya ubavuni. Jicho limeshafumba. Ninavyokitazama hapa kwenye picha, kimechanika kama godoro kuukuu.

Baba: Hapana.

Mtabiri: Hapana nini?

Baba: Kisichoke sasa hivi, bwana! Kimetoka huko kote, siku tano baharini, kije kuchokea mlangoni?

Mtabiri: Baba, una homa?

Baba: Mimi nauliza tu. Nyinyi wataalamu, hakuna namna ya kukipa nguvu kidogo?

Mtabiri: Kukipa nguvu! Watu pwani nzima wanaomba kife, wewe unakiombea afya?

Baba: Sikiombei afya. Nakiombea siku mbili.

(Sauti ya mwanamke: “Wembe! Hebu shika hapa, unaacha kitambaa kinalegea!”)

Baba: Nashika, nashika.

Mtabiri: Nani anakuita Wembe hivyo? Watu wote wanakuita Mzee Wembe.

Baba: Ni... mmoja wa wahanga.

(Krrr-krrr-krrr.)

Mtabiri: Baba.

Baba: Naam.

Mtabiri: Hiyo si mtandao. Hiyo ni cherehani.

Baba: Cherehani gani?

Mtabiri: Baba!

Baba: Anashona pazia. Watu wamechanganyikana, wanaume kwa wanawake, hakuna stara. Mtu amejitolea kushona pazia la kukata chumba katikati. Mimi nashika kitambaa kisiburute. Kosa liko wapi?

Mtabiri: Ni Mama Cherehani? Jirani yako? Yule mwenye mfereji wa bati unaomwaga maji kwenye ua wetu?

Baba: Unamwaga kidogo tu.

Mtabiri: Kidogo tu! Miaka kumi na moja hampeani salamu! Ulimpeleka kwa mjumbe mara tatu! Mkajenga ukuta katikati, kila mtu akapiga plasta upande wake!

Baba: Upande wangu plasta ilikaa vizuri zaidi.

Mtabiri: Na hiyo simu unayopigia ni ya nani?

Baba: Unataka kujua kila kitu, wewe umekuwa askari?

Mtabiri: Ya nani?

Baba: Yake. Basi. Ameniazima. Na vocha imebaki kidogo, kwa hiyo usiulize maswali marefu.

Mtabiri: Nipe hadithi fupi basi. Imekuwaje?

Baba: Baada ya kuongea na wewe nikafunga madirisha, nikaketi. Nilikuwa sitoki kweli. Sasa kwenye saa tano hivi upepo ukapiga pigo moja, ule mti wa barabarani ukalala. Ukaangukia geti lake. Puuu!

Mtabiri: Mungu wangu.

Baba: Mimi nikasema, yake hayo.

Mtabiri: Baba!

Baba: Si nakuambia ukweli? Nikasema, yake hayo. Nikanywa chai. Halafu nikasikia sufuria inagongwa. Ngo! Ngo! Ngo! Hapigi kelele, hajui kuomba yule, anagonga sufuria tu. Nikaongeza sukari. Ngo! Ngo! Sasa mtu unakunywaje chai namna hiyo?

Mtabiri: Ukatoka.

Baba: Nikachukua mtaimbo.

Mtabiri: Mtaimbo wa nini?

Baba: Getini hapapitiki, mti umelala wote. Njia imebaki moja tu.

Mtabiri: Hukubomoa ukuta.

Baba: Nilibomoa.

Mtabiri: Ule ukuta!

Baba: Ule ule. Na nilianzia pale pale kwenye mfereji.

Mtabiri: (anacheka, anajizuia) Una miaka sabini na moja! Upepo wa kilomita mia na kitu! Matofali yangekuangukia je?

Baba: Yaliangukia upande wake.

Mtabiri: Akatoka?

Baba: Akatoka wapi! Nimetokeza kichwa kwenye tundu, nimejaa vumbi na mvua, ananiangalia, anasema: “Umevunja ukuta wangu.” Nikamwambia ni wangu. Akasema nusu yake. Tukagombana pale, mvua inatuchapa—

Mtabiri: Jamani!

Baba: —halafu akasema hatoki bila cherehani. Nikamwambia basi kaa. Akakaa kweli! Akakunja mikono. Mwanangu, mimi nimeoa, nimezaa, nimenyoa mabwana harusi na wafungwa, sijawahi kuona ubishi ule. Nikaibeba.

Mtabiri: Ile ya chuma?

Baba: Ya chuma. Begani. Yeye akabeba meza yake kichwani. Maji hapa magotini, tunakwenda, njia nzima ananielekeza: “Usiitikise! Wembe, usiitikise!”

Mtabiri: Ngoja. Maji yalikuwa wapi?

Baba: Magotini. Pale dukani yalikuwa yamepanda ngazi zote mbili.

Mtabiri: Saa ngapi hiyo? Sema taratibu.

Baba: Saa tano. Saa tano na nusu labda.

Mtabiri: Ya mvua au ya bahari?

Baba: Ya bahari. Yana chumvi, nimeyameza baada ya kuteleza.

Mtabiri: Uliteleza?

Baba: Mara moja. Cherehani haikugusa maji.

Mtabiri: Baba, nisikilize. Saa tano na nusu bahari inatakiwa iwe inakupwa. Iwe mbali kabisa na duka. Kama ilikuwa magotini wakati huo, basi leo saa moja jioni, bahari ikijaa—

Baba: Haloo? Unakatika.

Mtabiri: —itaingia ndani ya nyumba. Yako na yake. Usikate! (kwa mtu ofisini) Mkuu! Mkuu, usipeleke hilo tangazo! ...Ndiyo, najua upepo umeshuka. Sizungumzii upepo. Nina mtu alikuwa mtaa wa chini saa tano na nusu, maji ya bahari yalikuwa magotini. ...Ndiyo, nina hakika. ...Kwa sababu ni baba yangu, na hawezi kunidanganya.

Baba: Nimesikia hiyo.

Mtabiri: Nyamaza wewe. (kwa mtu ofisini) ...Sawa. Nasoma mwenyewe saa kumi kamili. (kwenye simu) Baba, walikuwa wanaondoa tahadhari. Walitaka watu waanze kurudi nyumbani jioni hii.

Baba: Jioni hii? Wakati maji...

Mtabiri: Ndiyo. Watu wangekuwa wanafagia matope bahari ikiwa inaingia mlangoni.

Baba: Kuna yule dada wa pembeni hapa, amejifungua wiki iliyopita. Alikuwa anakunja vitu vyake. Kasikia kwa watu kuwa kimbunga kimechoka.

Mtabiri: Mwambie afungue mzigo.

Baba: (kwa sauti kubwa) Dada! Weka chini hizo nguo! Hakuna kuondoka! (kwenye simu) Ameweka.

Mtabiri: Nitasema hivi: upepo umepungua lakini bahari haijapungua, na hakuna mtu wa mitaa ya chini kurudi nyumbani kabla ya kesho asubuhi.

Baba: Kesho asubuhi.

Mtabiri: Umefurahi sasa?

Baba: Mimi? Mimi nasikitika kama wenzangu.

Mtabiri: Naisikia huzuni yako.

Baba: Usinichekee. Nyumba yangu itaingia maji.

Mtabiri: Najua. Pole, Baba. Nitakuja Jumamosi tutoe matope. Na ile habari ya kuhamia kwangu—

Baba: Tulishaimaliza.

Mtabiri: Hatujaimaliza. Chumba chako kipo, kina dirisha. Utakaa peke yako hapo mpaka lini? Mwaka huu ni mti, mwakani ni nini?

Baba: Leo nilivaa fulana nje ndani. Tangu asubuhi.

Mtabiri: Unabadilisha mazungumzo.

Baba: Sibadilishi. Nimeivaa nje ndani, nimebomoa ukuta nayo, nimevuka maji nayo. Tumefika hapa, tumeketi, kitu cha kwanza alichosema, hakusema asante. Alisema, “Wembe, fulana yako imegeuka, nenda kaigeuze, unatia aibu mtaa.” Tangu mama yako atutoke, miaka sita sasa, hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Naweza kuwa nimezivaa nje ndani miaka yote sita, nani anajua?

Mtabiri: Baba, mimi...

Baba: Umekatika?

Mtabiri: Nipo.

Baba: Mafua tena?

Mtabiri: Mafua tena.

(Mlio wa mlango unaogongwa na upepo. Krrr-krrr, kisha cherehani inanyamaza.)

Baba: Vocha yake inaisha, simu imelia. Haya, kasome. Usome kwa ukali, watu hapa wana vichwa vigumu.

Mtabiri: Baba, ngoja! Mpe shikamoo yangu.

Baba: Nani?

Mtabiri: Unamjua.

Baba: Sasa ndiyo umekumbuka? Miaka kumi na moja ukija kwangu unampita mama wa watu kama nguzo ya umeme!

Mtabiri: Wewe ndiye uliyenikataza!

Baba: Ulikuwa mtu mzima, ungekataa! (kwa mtu wa pembeni) Huyu hapa anakupa shikamoo. ...Ee, yule wa filimbi. ...Si mimi, ni yeye mwenyewe amesema! (kwenye simu) Anasema marahaba. Anasema umechelewa, lakini marahaba.

Mtabiri: Mwambie asante. Mwambie—

Baba: Subiri, ana neno lingine. ...Nini? ...Mwambie mwenyewe! ...Haya, haya. (anacheka) Mwanangu, anauliza hivi. Kwenye hilo tangazo lako, hiyo kesho asubuhi, haiwezi kuwa kesho jio—

(Simu inakatika.)