Meli Tano za Mzee Dedan Mureithi

Mchungaji, jamaa, majirani wa Komarock na nyote mlioacha kazi zenu leo, mimi ni Jacky, kitinda mimba wa marehemu, na nimekubali kusoma maisha ya baba yetu kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo hakuna mwingine anayeweza kulisema.

Mzee Dedan Mureithi Ndirangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Mukurwe-ini, Nyeri, akamaliza darasa la saba mwaka 1966 na kidato cha pili mwaka 1968, na tarehe 2 Mei 1972 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, upande wa wapima ardhi, kazi yake ikiwa kushika mwisho wa utepe wa kupimia huku mwenzake akishika mwanzo, kazi aliyoifanya miaka thelathini na nne, hadi alipostaafu mwaka 2006.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na mama yetu, Wacera Muturi, wakajaliwa watoto watatu, Ndirangu, Muturi na mimi, na mliofika kwetu mnajua kwamba katika nyumba ile hakuna aliyeruhusiwa kusema kitu ni karibu mita kumi, kwani kwa baba mita zilikuwa kumi au hazikuwa kumi.

Machi 2021, meli ya Ever Given ilipokwama katika mfereji wa Suez, ubishi ulizuka dukani kwa rafiki yake Abdurahim, kila mtu akiapa kwamba haijawahi kuundwa meli kubwa kuliko Titanic, na baba, aliyeiona bahari mara moja tu maishani, akaenda kusoma wiki mbili nzima, akarudi na kopo la rangi nyeupe na utepe wake wa mita thelathini. Abdurahim alishika mwanzo, baba akashika mwisho, na kuanzia langoni mwa mtaa wakachora barabarani mahali ambapo kila meli ingefika: Safina ya Nuhu, dhiraa mia tatu, yapata mita 137, Great Eastern ya mwaka 1858, mita 211, Titanic, mita 269, Ever Given, mita 400, na Seawise Giant, ile meli ya mafuta iliyozipita zote hizo kwa urefu, mita 458. Wazee wetu wa kanisa walinuna kuona Safina imeishia kwa kinyozi, na baba akawaambia kwamba yeye hakuijenga, ameipima tu. Tangu hapo walimu wakawa wanaleta watoto kutembea kutoka meli hadi meli wakihesabu hatua.

Juni 2024 mwalimu Ndunge alikuja na utepe mpya wa shule, akapata meli zote ni fupi, akaja nyumbani kumwambia baba kwa heshima. Baba alikagua utepe wake akakuta mita ya kwanza imekatwa na pete ya kushikia kufungwa upya, na mama akakiri kwamba miaka mingi iliyopita alitumia kipande hicho kufungia mlango wa banda la kuku. Kwa hivyo kila walipouvuta utepe walipoteza mita moja, na Seawise Giant peke yake ilikuwa imepungua mita kumi na sita. Abdurahim alimwambia, "Wacha tu, mzee, nani atakuja kupima?" nami nikamuunga mkono, lakini baba alisema watoto wa watu wameenda nyumbani na uongo wake, akasimama dukani mbele ya walewale aliowashinda kwa ubishi, akatangaza kosa lake, kisha akaenda kununua rangi.

Kabla hajaanza kusahihisha, kisukari alichokuwa nacho tangu 2015 kilifika kwenye figo, na kuanzia Januari mwaka huu wa 2025 alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, lakini siku zilizobaki alitoka na Abdurahim na kiti cha plastiki, akasahihisha Safina mwezi wa pili, Great Eastern mwezi wa nne, Titanic mwezi wa sita, na Ever Given tarehe 23 Agosti. Siku nne baadaye alianguka bafuni, daktari akaagiza apumzike, nami nikauficha ule utepe mpya aliokuwa ameazimwa na mwalimu Ndunge juu ya kabati langu na kumwambia kwamba mwalimu ameuchukua. Aliniuliza kila asubuhi, na kila asubuhi nilimdanganya, hadi Jumanne tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, alipotutoka.

Karatasi mlizoshika zinasema kwamba baba alikamilisha meli zote tano. Mimi ndiye niliyeandika hivyo, na si kweli, alikamilisha nne. Nilidhani namlinda, kumbe nilimnyima kazi yake, na jambo hilo linaniuma sana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa zamani, majirani mliokesha nasi, mwalimu Ndunge kwa kutoogopa kumkosoa mzee, na Abdurahim na mkewe Shamsia, ambao tangu Jumanne ile hawajaacha jiko letu lizime.

Baba, Jumamosi hii saa tatu asubuhi Abdurahim atashika mwanzo, nami nitashika mwisho. Utepe nimeukagua, ni mzima. Pumzika sasa, na upumzike kwa amani, mita kumi na sita zilizobaki ni zangu.