Fundi Tobia na Injini Iliyokosa Hewa

Tobia Shemweta anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu ya malori hapa Lushoto. Aliajiriwa kutengeneza malori ya mboga. Ameyatengeneza pia.

Kazi yake halisi ilianza mwaka 1998, alipoliburuta gari kuukuu la mashindano kutoka shamba moja la mkonge karibu na Mombo. Injini yake ni ya silinda nane, ya zama zile ambazo valvu zilikaa ubavuni na kichwa kilikuwa bapa kama sinia. Hewa ikiingia hupinda kona kali kabla ya kufika kwenye silinda. Tobia, mzaliwa wa Soni aliyekulia kwenye kona za barabara ya mlimani, aliamua kasoro iko hapo. Akachukua tupa, akaanza kupanua njia za hewa.

Maendeleo aliyapima kisayansi. Mwaka 2011 kifyonza vumbi cha ofisi kilitoweka, na mlinzi Zuberi akahojiwa siku mbili. Kumbe kilikuwa stoo ya nyuma, kikivuta hewa kupitia injini, huku maji yakipanda ndani ya mpira wa dripu kuonyesha hewa imeongezeka kiasi gani. Matokeo yamo kwenye madaftari kumi na moja, kwa mwandiko safi ambao hatukuwahi kuuona kwenye ripoti za malori.

Mwaka 2014 aliliteremsha gari Mombo kwa mashindano ya kupanda mlima. Lilipiga chafya, likatema moto, likazima baada ya mita mia mbili, mbele ya wauza machungwa.

"Baba, hiyo ina kifua!" mama mmoja alipaza sauti. "Inywesheni tangawizi!"

Lilirudi Lushoto likivutwa na lori letu, ambalo, tuseme haki, Tobia alikuwa amelitengeneza vizuri.

Akahitimisha kwamba hewa bado haitoshi. Akapiga tupa miaka kumi na moja mingine, hadi ukuta unaotenga njia ya hewa na njia ya maji ukawa mwembamba kama ganda la yai.

Aprili mwaka huu uongozi ulimwandikia barua: stoo isafishwe kabla hajaondoka. Gari, ambalo kwenye vitabu ni mali ya karakana, likipanda kutoka Mombo hadi getini bila kuvutwa, ni lake. Likishindwa, ni chuma chakavu. Mkewe, Yusta, anasema tangu siku hiyo Tobia alikuwa akiuacha ugali mezani bila kuumaliza.

Wiki mbili baadaye mtunza stoo wetu, Rukia, alirudi kutoka kwao Mombo na pakiti ya krispi iliyovimba kama puto.

"Shikamoo, fundi. Hivi hii mbona ikifika huku inavimba? Kule chini ilikuwa imelala kabisa."

Tobia aliishika, akaitazama, akaondoka bila kumaliza chai. Hewa ya Mombo ni nzito, ya Lushoto ni nyepesi, na yeye kila kitu alikirekebishia Lushoto. Kule chini injini haikuwahi kukosa hewa. Ilikosa petroli. Dawa yake ilikuwa kubadilisha jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopitisha petroli, kazi ya dakika tisa.

Jumamosi tarehe 21 Juni alianzia Mombo na jeti kubwa. Mama wa machungwa alikuwa palepale: "Ehee! Leo imekunywa tangawizi!" Alipofika Soni moshi mweusi ulianza, kwa kuwa sasa petroli ilizidi hewa. Akasimama, akarudisha jeti ndogo. Barua ilikataza kuvutwa, haikukataza kusimama. Kosta ya abiria ikalipita gari hili la mashindano, konda akilipungia mkono.

Saa tano na dakika kumi asubuhi Tobia aliingia getini, injini ikinguruma. Meneja wetu, Bwana Heri, alitia saini hati ya kumpa gari palepale juu ya boneti. Kisha akaomba apandishwe raundi moja.

Tunamshukuru Fundi Tobia kwa malori yote yaliyowahi soko, na kwa yale yaliyomsubiri. Tunamtakia yeye na Mama Yusta ustaafu mwema, barabara kavu na petroli ya kutosha. Kifyonza vumbi abaki nacho.